Mwali Hutazama, Hagusi

Kungwi wetu hakuwa mtu wa kubisha hodi mara mbili. Ya kwanza aliipiga angali barabarani, na kabla hujaitikia alikuwa keshafika jikoni na kufunua chungu chako. "Nani katia chumvi hii?" Ukimwamkia, anaitikia marahaba kwa sauti ya chini, polepole, kama anayekusamehe jambo, kisha anakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi ingawa viti vipo. Viti hakuvipenda. Alisema kiti humfanya mtu ajione mgeni.

Katika mitaa ya zamani ya Bagamoyo, wanawake wa rika langu karibu wote tulipita mikononi mwake, na sisi aliotucheza tulimwita somo. Kwa msomaji ambaye hakulelewa kwetu nieleze. Msichana akivunja ungo, mama yake mzazi hamwambii kitu. Ni mwiko. Hukabidhiwa kungwi, naye humweka ndani, akamfunza usafi wake, habari za mume, za mimba, za kuzaa, na namna ya kukaa na watu. Akitoka, mama hamuulizi amefunzwa nini, na mtoto hasemi. Ndivyo tulivyokuwa mimi na mama yangu.

Basi nami nilipokuwa na binti, nilimkabidhi kwa kungwi yule yule aliyenicheza mimi. Binti yangu, Mwanaidi, haoni. Surua ilimchukua macho kabla hajaanza kusimama dede. Haya ninayoandika ni habari za kungwi, lakini sitaki msomaji angoje mpaka mwisho kujua kwa nini naziandika. Nilimpa mwanangu ampe elimu ya utu uzima. Alinirudishia mtoto vile vile alivyomchukua, akanitazama usoni, akaniambia amefunzwa.

Mdomo wake ulijulikana mpaka Lugoba. Kulikuwa na mwanamume mmoja aliyekuwa akimpiga mkewe, na mke huyo alikuwa mwali wake. Kungwi akamfuata barazani kwenye duka la Mhindi wa nguo, mbele ya wazee wanaokunywa kahawa. "Mkeo nilimfunza mimi kukaa na mwanamume," akamwambia. "Wewe mamako alikufunza nini? Kutwanga?" Wazee waliangua kicheko mpaka kahawa ikamwagika. Yule bwana alihama baraza, na mkono wake ukatulia.

Kwa Mhindi huyo huyo alikuwa na kawaida yake nyingine. Kusoma hakujua, lakini kila kanga mpya ikiingia alimtaka amsomee jina. Asipoyapenda maneno, hainunui, hata rangi iwe nzuri namna gani.

"Mama, hii nguo tu," Mhindi anamwambia. "Si hati ya kadhi."

"Mimi sivai uongo mgongoni," anamjibu, na kumrudishia.

Uongo aliuchukia kweli, au ndivyo tulivyoona. Mwali mmoja alivunja bakuli la jirani akasema ni paka. Kungwi akamtia vigae kwenye sinia, akampitisha mtaa mzima nalo kichwani, mpaka mlangoni kwa mwenye bakuli, na huko mwali akakiri kwa kinywa chake. Nilikuwa nimesimama dirishani siku hiyo, nikajisemea: mtu wa namna hii unaweza kumpa roho yako aishike.

Alikuwa na vituko vinavyopingana. Alitufunza kuvumilia uchungu wa kuzaa, tusipige kelele, tusimwaibishe. Mwenyewe walipokuja watu wa chanjo ya ndui alijificha jikoni kwangu nyuma ya gunia la makumbi, akanishika miguu nisimseme. "Sindano ni chuma, mwanangu," ananinong'oneza. "Mtoto ni nyama." Alitufunza kukaa na waume, na yeye wake hawakukaa. Akiulizwa alicheka mpaka tambuu ikamtoka mdomoni: "Maneno yote nimewapa nyie, nitabakiwa na nini?"

Lakini maneno, kusema haki, hakutupa mengi. Nalifikiria hilo sasa. Kazi yake ilikuwa kuonyesha. Alikuwa na kapu lililofunikwa kaniki, na ndani yake sanamu ndogo za udongo na za mti: mwanamke mwenye tumbo, mtoto aliyejikunja, na nyingine nisizozitaja hapa. Anatoa moja, anaiinua, anaimba mstari, anachezesha mwili, anairudisha. "Umeona?" Unajibu: "Nimeona, somo." Basi, hilo limekwisha. Aliyeuliza swali alipigwa kwa kipepeo cha kupepea moto.

Na ilikuwapo kanuni. Vitu vya kapuni viliguswa na makungwi peke yao. Mwali hutazama, hagusi. Walisema mwali akigusa, uzazi wake hufunga. Mwenzangu mmoja alipeleka kidole tu kwenye lile tumbo la udongo, na siku iliyobaki aliimaliza amepewa mgongo, ukuta usoni.

Sasa nije kwa mwanangu.

Hakuna mtu nje ya nyumba yetu aliyempenda Mwanaidi kama kungwi. Watu wengine walikuwa wakimpita kana kwamba ni mtungi uliowekwa njiani. Yeye alikuwa akimletea kashata, anampakata, anamwachia ampapase uso mzima, pua, makunyanzi, pengo la meno. "Nani huyu?" "Ni bibi wa tambuu!" mtoto anapiga kelele, na kungwi anafurahi utadhani ni mara ya kwanza. Yeye ndiye aliyemfunza kusuka ukili. Alimtia miyaa mikononi, akamshika vidole kimoja kimoja, mpaka mtoto akaweza kusuka mikeka ambayo watu walitoka Chalinze kuja kuitafuta. Akanigeukia siku moja akasema: "Mikono ya mtoto huyu inaona kuliko macho yenu." Maneno hayo aliyasema yeye mwenyewe, uani kwangu, na jirani wawili walisikia.

Mwanaidi alipovunja ungo, nchi ilikuwa imepata uhuru si zamani. Dada yangu akaenda kupeleka habari, kwa kuwa mimi mama siwezi kwenda. Alirudi akaniambia kungwi alitafuna tambuu yake kitambo, akatema, akasema: "Mleteni." Kukawia kwake sikukutilia maanani. Nilipika, nikapeleka chakula mlangoni, nikarudi, kama mama yangu alivyofanya. Kilichokuwa kikipita ndani sikuweza kukijua wala sikutakiwa kukijua.

Akatolewa. Ameogeshwa, amepakwa mafuta, kanga mpya, vigelegele mtaa mzima. Kungwi akanijia na uso mkunjufu, akanishika mabega. "Kazi yangu nimemaliza. Mwanao amefunzwa." Mimi nililia kwa furaha. Nilikuwa na hofu niliyoificha muda mrefu: mtoto huyu nani atamweleza dunia? Mimi siwezi, baba yake hawezi, vitabu havioni. Siku ile nikaushusha mzigo. Nililala usingizi wa mchana, jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla wala baada yake.

Miaka ikapita, Mwanaidi akawa mwanamke mzima. Akatokea mchumba. Mtu wa Mkange, fundi wa vinu na michi, aliyefiwa na mkewe, mpole. Alikuwa akija kununua mikeka, na kila akija anakaa zaidi. Shemeji zangu wakamwambia waziwazi: "Bwana, huyu haoni." Akajibu: "Mimi sikutafuta wa kunisomea gazeti. Namtaka huyu anayenichekesha." Tukamwoza.

Kwetu bibi harusi husindikizwa na kungwi wake, akakaa naye kwa mume siku za mwanzo, amtie moyo, amkumbushe. Kungwi akatuma kusema mguu unamuuma. Hauwezi safari. Akamtoa msaidizi wake, mwanamke mwenye haya kuliko bibi harusi. Nami juzi yake tu nilikuwa nimemwona kwenye ngoma ya mtaa wa pili, akizunguka uwanja, vumbi linatimka. Dada yangu akasema: "Mguu gani huo?" Nikamkemea. Nilisema ni uzee, leo unauma, kesho hauumi. Nilimtetea.

Baada ya miezi kadhaa binti yangu alirudi kutoka Mkange juu ya lori la mkaa, amelazwa kwenye mikeka aliyoisuka mwenyewe, mumewe amemshika kichwa. Tulimpeleka zahanati. Muuguzi, msichana aliyeonekana kuchoka, akanitoa nje.

"Mama, shikamoo. Binti yako alikuwa na mimba, na ilikuwa kubwa. Imetoka. Kanywa dawa kali ya mizizi. Hakujua kama ana mimba?"

"Atakosaje kujua?" nikamjibu kwa ukali. "Amefunzwa."

Akanitazama, akainamisha kichwa, akarudi ndani.

Alipopata nguvu nilimleta nyumbani. Tukiwa wawili chumbani nikavunja mwiko, nikamuuliza.

"Mwanaidi, damu ilipokatika ulifikiri nini?"

"Nilimshukuru Mungu, mama. Nilisema ule ugonjwa wa kila mwezi umeniacha."

"Na tumbo?"

"Nilidhani ni mchango. Kuna kitu kilikuwa kikinichezacheza ndani. Niliona haya kumwambia bwana kuwa nina minyoo, naye yuko porini anakata miti. Nikamwomba jirani dawa ya mchango. Nilimwambia tumbo tu, hakuuliza zaidi, akanichemshia."

"Somo yako hakukwambia habari za mimba?"

Akageuza uso upande wa sauti yangu. "Aliniambia kuosha vitambaa na kuvianika mbali. Hayo aliniambia. Yale mengine alinipa ungo wa karanga nimenye. Nilikuwa namenya, nasikia wanaimba na wenzangu, nasikia anasema 'umeona?', nao wanasema 'nimeona'. Siku moja nikanyoosha mkono nijue ni nini. Akanishika hapa," akagusa kifundo cha mkono, "akasema mwali hutazama, hagusi. Akanirudishia karanga."

"Na hukusema kitu? Miaka yote hiyo?"

"Ningesema nini, mama? Nilidhani ni mambo ya macho. Nilidhani mwanamke anayeona akijitazama anajua, na mimi Mungu hakuniandikia. Kama rangi. Nani atalalamika kuwa hajui rangi?"

Nilitoka uani. Nilikaa chini mavumbini na nguo yangu safi. Mjukuu wangu alikuwa amezikwa, kifurushi tulichokabidhiwa zahanati, na mtu aliyenishika mabega akaniambia kazi amemaliza alikuwa nyumba ya nne kutoka kwetu, anatafuna tambuu.

Dada yangu hana kifua. Habari ilitembea. Mama mmoja akampeleka binti yake kwa kungwi mwingine, na mwingine akafuata. Nyumba ya somo yetu, iliyokuwa haikauki wageni, ikapoa. Mimi sikumwendea. Siku hizo shughuli yangu ilikuwa moja tu: mkwe wangu, ambaye alikuwa amekaa kwetu akingoja bila neno baya, alisema baada ya Ijumaa atamchukua mkewe. Atarudi naye Mkange, na mwanangu atarudi vile vile alivyokwenda. Nilijua lazima aambiwe. Kila asubuhi nilikaa mbele yake nimefungua mdomo. Mambo yenyewe nayajua, nimezaa, nimezalisha hata mashemeji. Maneno sina. Mimi nilionyeshwa, sikuambiwa. Nikitaka kusema, linanijia lile tumbo la udongo limeinuliwa juu, na wimbo, na basi. Nikaomba dada anisaidie, naye akacheka kwa haya akakimbia. Nikamwendea mke wa imamu, akasema mpeleke kwa kungwi.

Kungwi akaja mwenyewe, baada ya swala ya alasiri ya Ijumaa. Ndiyo mara ya mwisho nilipokaa naye. Alipofariki baadaye nilikwenda matangani kwa ajili ya watu, nikapika na wenzangu, na walipoanza kumsifu kwa ukweli wake nikavaa viatu.

Siku ile nilimwamkia. Yeye ni somo yangu, kumwamkia ni wajibu. Hakunizungusha.

"Mwanangu, unaniua," akasema. "Wanawali hawaletwi tena. Simama kwenye shughuli ya harusi kesho kutwa, waambie watu kuwa Mwanaidi nilimfunza, ila alisahau. Neno hilo tu. Watu wanakuamini."

"Ulimfunza?"

Akafungua pindo la kanga kutafuta tambuu.

"Somo, nakuuliza. Ulimfunza?"

"Ningemfunzaje? Haoni."

"Ukili ulimfunzaje?"

"Ukili si kapu." Akaanza kutikisa kichwa. "Ningemshikisha, makungwi wenzangu wangenitoa. Na wewe mwenyewe ungekuja kunilaumu siku moja kwamba nimemfunga uzazi. Tena nikasema, huyu nani atamwoa? Nimfunze mambo ya mume ayajue, akae nayo bure, ayatamani? Nilimwonea huruma. Wallahi nilimwonea huruma."

"Na alipoposwa? Miaka ilikuwa imepita. Ulikuwa na siku ngapi za kuja hapa ukaniambia, mama Mwanaidi, mwanao hajui kitu, tumfanyeje?"

Alijifuta mdomo kwa pindo la kanga. "Ningekuja kukwambia nilikudanganya? Mimi?"

Hilo ndilo sikuweza kulimeza, na mpaka leo halijashuka. Kanuni ni kanuni, hakuitunga yeye. Huruma yake ya kijinga ningeweza kuisamehe siku moja. Lakini alimpima mwanangu na jina lake, akaona jina lake zito. Mguu ukaanza kuuma.

Nilikuwa nimeinuka kumwonyesha mlango pale Mwanaidi alipotoka chumbani, mkono ukutani. Alikuwa amesikia yote. Nilitazamia atalia au atatukana. Akamsogelea, akakaa karibu yake mkekani.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

"Mama hatawaambia watu. Mimi nitawaambia. Jioni hii hii nitapita nyumba kwa nyumba na bwana wangu ananishika mkono, niseme somo amenifunza."

Kungwi akainua uso. Mimi nikasema, "Mwanaidi!"

"Lakini nifunze kwanza," akaendelea. "Sasa hivi, hapa. Kwa maneno tu, sitagusa kitu chako. Kesho naondoka na sijui kitu, somo. Nieleze mimba inakujaje, nitaijuaje, na nikiijua nifanye nini. Ukishaniambia haitakuwa uongo."

Niseme kweli, hapo nilisahau hasira. Nilirudi nikakaa. Nilimtazama yule mama kinywani, nikamwombea. Nilitaka aseme. Kama angesema ningelimwachia yote, lile kaburi dogo tu ningebaki nalo.

Akafungua mdomo. "Mwanamke," akasema. "Mwanamke akiwa… Kuna siku…" Mkono wake ukainuka hewani, ukashika kitu ambacho hakikuwapo, ukakigeuza upande huu na huu mbele ya uso wa mwanangu asiyeona. Kisha ukashuka. Akaanza wimbo, mstari nusu, akaacha. Akanitazama mimi, nami sikumsaidia kwa kuwa sikuwa nacho cha kumsaidia.

"Haya huonyeshwa, mwanangu," akasema mwisho. "Hayasemwi."

"Mimi je?" Mwanaidi akamuuliza. Hakuuliza kwa ubaya.

Kungwi akajizoazoa pale chini, akajitanda kanga yake, akasema amesikia mtu anamwita. Hakuna aliyekuwa akimwita. Akatoka bila kuaga.

Tulikaa. Mwanaidi alikuwa akisikiliza nyayo mpaka zikapotea.

"Mama," akasema, "na wewe huwezi?"

Mumewe alikuwa amekwenda kuulizia lori la asubuhi. Nyumba ilikuwa yetu sisi wawili. Nikasimama, nikautia mlango komeo, nikarudi nikakaa mbele yake magoti kwa magoti, mimi mama mzazi. Nikamshika mkono, nikauweka chini ya kitovu changu juu ya ngozi, pale penye mikunjo. Alishtuka, kisha akautuliza.

"Hapa ndipo ulipokaa wewe," nikamwambia. "Tuanzie hapa."